Kiraka cha kuandika sifuri haraka: soma kwanza njia ya polepole

Viraka vya aina hii, yaani mabadiliko ya msimbo yanayoharakisha kujaza sifuri kwenye diski, huja na maelezo mafupi yenye kushawishi: kuunda mfumo wa faili kulichukua dakika kadhaa, sasa ni sekunde. Huwa siharakishi kufurahi. Natafuta kwanza jibu la swali moja: nani ameahidi kwamba eneo hilo la diski likisomwa litatoa sifuri, na ahadi ikikataliwa msimbo unafanya nini?

Kazi yenyewe si ndogo. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, yenye mipangilio ya kawaida, inodi moja (rekodi ya maelezo ya faili) ni baiti 256, na hutengwa moja kwa kila baiti 16,384 za diski. Maana yake 1/64 ya diski nzima ni majedwali ya inodi. Diski ya TiB 1 ina GiB 16 za kujazwa sifuri, na kwa diski ya sahani inayoandika MB 150 kwa sekunde hizo ni kama dakika mbili. Usipozisafisha, inodi za mfumo wa zamani zinabaki pale zikiwa na sura halali kabisa, na siku maelezo ya kundi (ext4 huigawa diski katika makundi ya bloku) yakiharibika, fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, italazimika kusoma jedwali zima na kufufua marehemu.

Sasa tazama kiraka kimechagua amri gani. BLKDISCARD inaiambia diski kwamba data hii haihitajiki tena, basi. Diski nyingine zitarudisha sifuri baadaye, nyingine zitakupa data ileile ya zamani. Kulikuwa na BLKDISCARDZEROES ya kuuliza, lakini tangu Linux 4.12 hujibu 0 siku zote, kwa hiyo kiraka kinachochukulia kwamba kutupa ni sawa na kufuta nakirudisha bila kusoma zaidi. BLKZEROOUT ndiyo yenye ahadi: diski ikiwa na amri yake ya kuandika sifuri, kerneli (kiini cha Linux) inaitumia; ikiwa haina, kerneli inaandika sifuri yenyewe. Tangu Linux 4.9, fallocate, mwito wa kerneli wa kutenga au kusafisha nafasi ya faili, nayo inakubalika kwenye vifaa vya bloku kama diski, na mimi naipendelea kwa sababu FALLOC_FL_ZERO_RANGE inaweza kutumika hata pale "diski" inapokuwa faili la kawaida.

Kisha naenda kwenye hesabu. Mstari kama huu nimeukuta kwa sura mbalimbali:

    range[0] = blk * fs->blocksize;

range, jozi ya namba inayopewa BLKZEROOUT, ni uint64_t (biti 64), kwa hiyo macho hupita tu. Lakini blk (namba ya bloku) ikiwa ya biti 32 na blocksize vilevile, kuzidisha kunafanyika kwa biti 32 kabla jibu halijapanuliwa. Kwa bloku za baiti 4,096, bloku namba 1,048,576 iko kwenye GiB 4 kamili, na jibu linarudi 0. Umeanza kufuta mwanzo wa diski, na kompaila iko kimya. Aina ibadilishwe kabla ya kuzidisha; kuibadilisha baadaye hakusaidii kitu. Ukiwa hapohapo hakikisha range[1] ni urefu wa eneo, maana wapo wanaoweka mwisho wake, na kwamba namba zote mbili zinagawanyika kwa ukubwa wa sekta.

Kuna jambo ambalo halionekani ndani ya kiraka chenyewe, nalo ni kashe ya programu, yaani nakala za muda za data. Maktaba nyingi za mifumo ya faili huhifadhi bloku kadhaa kwenye kumbukumbu zao. Ukiandika sifuri chini yake moja kwa moja, bloku ya zamani iliyokuwa ikisubiri inaweza kuja kuandikwa juu ya sifuri zako. Kerneli hutupa kurasa zake yenyewe za eneo hilo, ila kashe ya programu yako haiijui. Dai kashe imwagwe na ibatilishwe kabla ya mwito.

Njia ya polepole, yaani kuandika sifuri kwa write() pale amri ya haraka inapokataliwa, ndiyo napenda kuikalia. Mwandishi wa kiraka hajawahi kuiona ikifanya kazi, kwa kuwa mashine yake ina SSD mpya inayokubali kila kitu. EOPNOTSUPP na ENOTTY, makosa yanayosema amri haikubaliki, ziupeleke msimbo kwenye kuandika kwa mkono. EIO, hitilafu ya kusoma au kuandika, iripotiwe. Amri ya haraka ikifeli katikati, njia ya polepole ianze mwanzo wa eneo, isikisie pa kuendelea. write() ikirudisha pungufu, mzunguko uendelee kutoka hapo. Na jibu la kukataa likumbukwe, kwani TiB 1 ina makundi 8,192 ya MiB 128, na hakuna haja ya kuuliza upya kwa kila moja.

Ili kuiona ikifanya kazi, strace, chombo cha kufuatilia miito ya programu kwa kerneli, inaweza kuidanganya programu:

    strace -f -e inject=fallocate:error=EOPNOTSUPP

Kwa ioctl, mwito unaobeba amri kama BLKZEROOUT, ongeza when= na uchague mwito unaoutaka, la sivyo utavuruga hata BLKGETSIZE64 na programu haitajua ukubwa wa diski. Usijaribu juu ya faili jipya tupu, maana limeshajaa sifuri na kila kiraka kitafaulu, hata kisichofanya kitu. Lijaze kwanza takataka:

    tr '\0' '\252' < /dev/zero | dd of=jaribio.img bs=1M count=2048 iflag=fullblock

Moduli ya kerneli ya scsi_debug nayo inaweza kukupa diski ya kubuni yenye sekta za baiti 4,096, ambako dhana ya 512 iliyofichwa hujitokeza mapema.

Kuhusu namba za kasi, hakikisha fsync (mwito unaosubiri data ifike diskini) imo ndani ya muda uliopimwa na kwamba lazy_itable_init=0 imewekwa. Bila hiyo mke2fs, programu ya kuunda ext4, huuachia uzi wa kerneli wa ext4lazyinit kazi ya kusafisha majedwali ya inodi baada ya kuunganisha diski, na hapo kiraka kinajisifu kwa kazi isiyofanyika. Mimi huomba pia vipimo vya kifaa kinachokataa amri ya haraka. Huko sitarajii kasi. Nataka tu kisiwe polepole kuliko kilivyokuwa kabla ya kiraka.