Breki ya mbele haipindui pikipiki, mkono wa papara ndio unaopindua

Mkuu mleta mada, umeuliza kama ni salama zaidi kuzoea breki ya nyuma peke yake, kwa kuwa umeambiwa ya mbele inarusha mtu. Mchangiaji mwingine naye amekushauri kwamba gari likikukatisha, ulaze pikipiki chini uteleze nayo. Naanza na hilo la kulaza, maana linaua watu. Chuma kikiburuzika kwenye lami hakishiki kama linavyoshika tairi. Ukishalala huna breki, huna usukani, na bado unaelekea kulekule ulikokuogopa. Baki juu ya magurudumu yako uendelee kupunguza mwendo mpaka mwisho. Hata ukigonga, kugonga ukiwa kilomita 20 kwa saa kuna nguvu moja ya tisa tu ya kugonga ukiwa 60.

Sasa breki ya mbele. Unapofunga breki uzito mwingi unaegemea mbele: shokapu zinazama, tairi la mbele linagandamizwa barabarani, la nyuma linabaki jepesi. Ndiyo maana la nyuma huserereka upesi, na ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele hufanya asilimia 70 au zaidi ya kazi ya kukusimamisha. Anayetegemea ya nyuma peke yake ameacha sehemu kubwa ya breki zake bila kuitumia.

Wanaoanguka kwa breki ya mbele wengi huinyakua. Uzito unakuwa haujafika mbele, gurudumu linajifunga, usukani unateleza. Breki hii hukamuliwa. Gusa kwanza mpaka usikie shokapu zimeanza kuzama, kisha ongeza nguvu, ongeza tena. Yote hayo hayamalizi sekunde moja kwa mkono uliozoea. Gurudumu la mbele likijifunga, achia papo hapo ukamue upya. La nyuma likijifunga na mkia umeshakwenda upande, usiliachie ghafla, maana likishika tena linaweza kukurusha juu kwa juu. Tazama mbele, usukani unyooke. Mguu wa breki uwe mwepesi tangu mwanzo.

Mwaka 1981 ulitoka utafiti wa Harry Hurt na wenzake kule Marekani, waliokwenda kuchunguza ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles. Waliona madereva wengi walikanyaga mno ya nyuma na kuitumia kidogo ya mbele, na kwa kawaida mtu alikuwa na muda usiofika sekunde mbili wa kujiokoa. Hapo hakuna nafasi ya kukumbuka ushauri wa jukwaani. Mkono uwe unajua tayari.

Na muda huo unaliwa na kuchelewa. Ukiwa 60 unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja ikipita kabla breki haijashika, mita 17 zimekwenda, halafu unahitaji nyingine kama 20 kwenye lami kavu. Mimi nikikaribia makutano naweka vidole viwili juu ya mkono wa breki. Siku moja gari lililokuwa likija mbele yangu lilikata kona kunipitia. Dereva alikuwa amenitazama kabisa, lakini mimi nilikuwa naangalia tairi lake la mbele, nikaliona limeanza kugeuka. Vidole vilikuwa pale tayari, nikasimama kabla ya kuufikia mlango wake. Uso wa dereva usiuamini. Tairi halidanganyi.

Kukwepa nako kuna kanuni yake: sukuma mbele mkono wa usukani ulio upande unaotaka kwenda. Kwenda kulia, sukuma mbele mkono wa kulia. Lakini usikwepe huku umekamua breki kwa nguvu, tairi haliwezi kubeba kazi zote mbili. Achia breki kwanza. Na macho yatazame upenyo. Ukikodolea gari, utaligonga.

Ukipata uwezo nunua yenye ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu kujifunga unapofunga breki. Umoja wa Ulaya ulianza kuilazimisha mwaka 2016 kwa pikipiki mpya za zaidi ya cc 125, na naona walifanya vyema. Ukisikia mkono wa breki unatetemeka usiachie, endelea kukamua. Ila ABS ya kawaida haikulindi sana ukiwa umelala kwenye kona.

Kwa mazoezi tafuta uwanja mtupu, mkavu, tambarare. Anza na 30, magoti yabane tangi, mikono isikakamae, klachi ndani, na ukisimama uwe kwenye gia ya kwanza ili uweze kutoka kama nyuma kuna gari linakuja. Ukizoea, panda 40, kisha 50. Baadaye rudia ukiwa na abiria anayejua unachofanya: utahitaji umbali zaidi, na breki ya nyuma itakusaidia zaidi kuliko ukiwa peke yako kwa kuwa uzito umeongezeka kule. Kwenye mchanga au kokoto kamua ya mbele taratibu sana, tena usukani ukiwa umenyooka.