Antena mbili sio urembo, niulize mimi

Juzi msomaji mmoja wa Masasi kanitumia meseji: "bro nimefunga antena kubwa ya nje kwenye rauta ya 4G, mistari ya netiweki imejaa ila spidi ni ileile, nimepigwa?" Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka maana nilikumbuka Mikindani.

Mikindani nilifunga intaneti kwenye steshenari ya mama mmoja, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, kuta nene na juu bati, yani ndani simu inatafuta mnara mpaka inapata moto. Rauta ilikuwa na matundu mawili ya antena nyuma. Mimi kwa kubana hela nikanunua antena moja na waya mmoja, mama akauliza hili tundu lingine la nini, nikamjibu la spea. La spea! Msimu wa korosho ukaingia, foleni mpaka barazani, PDF moja inazunguka tu na mistari imejaa. Akanisema mbele ya wateja kwamba nimemfungia antena ya TV. Nikarudisha elfu hamsini yake. Iliniuma na bado inauma, sitaki kudanganya.

Ndo nikakaa chini kusoma. Kumbe mnara wa 4G unaweza kurusha mikondo miwili ya data kwa wakati mmoja, masafa yaleyale. Mawimbi yanagonga kuta, mabati, minazi, yanafika yamechanganyika, ila mchanganyiko unaofika antena ya kwanza sio sawa na wa antena ya pili, na rauta inatumia hiyo tofauti kuitenganisha ile mikondo miwili. Unakumbuka milinganyo sambamba ya sekondari? Ukitafuta x na y na mlinganyo unao mmoja, hutoboi. Mimi nilimpa yule mama mlinganyo mmoja. Ufundi huu wanauita MIMO, yani antena nyingi za kurusha na nyingi za kupokea, na mwaka 1996 Gerard Foschini wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alionyesha kwamba mwangwi ule wa mawimbi kugonga kuta tuliokuwa tunaulaani ndo unaobeba mzigo. WiFi iliipata rasmi 2009 na kiwango kinachoitwa 802.11n, mpaka mikondo minne. Na netiweki ikiwa mbovu antena mbili bado zinakusaidia, antena moja ikikosa nyingine inadaka.

Kwa hiyo nunua mbili. Sio moja kubwa, mbili. Usizibananishe, kama 4G yako ni ya megahezi 800 ziachanishe angalau sentimita 19 hivi, au moja ilale digrii 45 kushoto na nyingine kulia, maana antena nyingi za minara zimepangwa hivyo. Waya uwe mfupi, viungio vifunge tepu, chumvi ya bahari yetu haina huruma. Ila nunua mbili.

Mwezi uliopita nimefunga hivyo Shangani, spidi ikatoka 9 ikafika 16. Mara mbili kamili haikufika, na fundi anayekuahidi mara mbili kamili mkimbie. Mafundi wenzangu tuache kubahatisha na hela za watu, kama hujui tundu ni la nini sema hujui, mbona mimi nimesema hapa mbele ya wote.

Yule mama nilimwandikia WhatsApp kwamba nije nimfungie ya pili bure. Tiki mbili za bluu, jibu hakuna.