Maswali ya Wasomaji: Semliki na mpaka unaotembea

SWALI: Mto Semliki unatokana na barafu ya Ruwenzori. Barafu ikiisha, utakauka? Na je, mto ukihama, mpaka wa Uganda na Kongo nao unahama? Tuna malisho ukingoni, upande wa Ntoroko.

JIBU: Semliki hauanzii mlimani. Unatoka Ziwa Edward, pale Ishango nchini Kongo, unapita magharibi ya Ruwenzori na kuteremka karibu mita 300 hadi Ziwa Albert. Maji ya barafu ya upande wa magharibi huufikia moja kwa moja kwa mito kama Butawu. Ya mashariki huzunguka: Mto Mubuku, Ziwa George, Mfereji wa Kazinga, Ziwa Edward, ndipo Ishango. Tone lililoyeyuka Uganda huingia Kongo kwanza, kisha likarudi mpakani.

Kukauka, hapana. Barafu ilikuwa takriban kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906. Mwaka 2003 haikufika hata 1. Lakini vipimo vya Mubuku chini ya mlima vilionyesha mchango wake hauzidi asilimia 2 ya maji. Kinachoujaza mto ni mvua.

Kuhusu mpaka, makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya 1915 yaliuweka kwenye mkondo mkuu, kuanzia Semliki unapokutana na Mto Lamia hadi Ziwa Albert. Kanuni ya kawaida ya sheria za kimataifa ni hii: mto ukila ukingo kidogo kidogo, mpaka huufuata, ukikata kona ghafla, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani. Ugomvi huanzia hapo, maana nani alikuwapo kuona ulivyohama?

Sasa malisho yenu. Kwenye upande wa nje wa kona maji hukimbia na kuchimba chini. Udongo wa juu huning'inia, ukilowa mvua huporomoka kwa mkupuo. Mchanga hutua upande wa ndani, mara nyingi ng'ambo. Ng'ombe wakishamaliza nyasi na kukanyaga ukingo, hakuna mizizi ya kuushika. Wanywesheeni sehemu moja tu, upande wa ndani wa kona, penye mteremko wa polepole. Kanuni za Uganda zinataka mita 100 za ukingo wa Semliki ziachwe. Acheni matete na vichaka vijiotee. Pigilieni vigingi mita 10, 20 na 30 kutoka ukingoni, mpime umbali wake hadi ukingo kila msimu wa mvua unapoisha na kuandika tarehe. Msivipigilie karibu zaidi: poromoko moja linaweza kuondoka na vigingi vyote.