Msinunue mtungi wa oksijeni

Dada yangu wa Ujiji, pole kwa kuuguza. Umesema kaka yako ana paraganglioma (uvimbe unaoota kwenye seli za neva) shingoni, vipimo vimeonyesha kimeng'enya cha SDH kina hitilafu, na daktari kasema seli za uvimbe "zinadhani hazina hewa". Unauliza kama mnunue mtungi wa oksijeni.

Msinunue, tafadhali. Kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kimesoma asilimia 98, hewa inamfikia.

Ndani ya seli kuna protini iitwayo HIF. Hiyo huamrisha mishipa mipya ya damu iote na sukari itumike kwa wingi. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya fulani huitumia kuitia HIF alama, nayo huvunjwa upesi. Wanasayansi waliofumbua siri hii, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Sasa SDH ikiharibika, saksineti, yaani kemikali ya ndani ya seli ambayo SDH huichakata, haichakatwi. Hurundikana kama dagaa mwaloni Kibirizi siku wanunuzi hawajaja, ikaziba njia hadi vile vimeng'enya vya kutia alama vinashindwa kazi. HIF inabaki inaamrisha tu ingawa oksijeni ipo, na uvimbe unajengewa mishipa.

Hela ya mtungi iwekeni kwa nauli ya kliniki. Hitilafu hii mara nyingi ni ya kurithi, kwa hiyo ulizeni kipimo cha vinasaba kwa ndugu wa tumbo moja na watoto wake, wewe ukiwemo. Na kabla ya upasuaji wowote, ahakikishe amepimwa presha na homoni za adrenali. Baadhi ya uvimbe huu huzimwaga, presha ikapanda ghafla mezani.