Gari limegongwa, bei imeshuka: nani analipa?

Barua za magari kutoka mitaa yetu ya Lubumbashi zimenijazia sanduku. Nimechagua saba, na mbili kati ya hizo ni swali ambalo nimeshalijibu mpaka nimechoka. Tuanze.

Mama wa Kampemba anauliza: Pikapu ya kampuni ilinigonga kwa nyuma kwenye barabara ya Kasenga. Asiransi (bima) yao ililipa parashoki (bampa), mlango wa buti na rangi. Sasa nauza gari, mnunuzi ameona alama za kuchomelea, anakata dolari 1,500. Naweza kuidai kampuni?

Mama, haki unayo. Sijui tu kama hukuiacha kaunta. Kifungu cha 258 cha Code civil, sheria ya madai ya Kongo, Kitabu cha Tatu, kinasema kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa. Sheria hiyo ni ya 1888, gari lilikuwa bado halijakanyaga Katanga, na haikutaja mabati wala rangi. Inasema hasara. Kama gari lako juzi lilikuwa la 9,000 na leo, pamoja na kutengenezwa vizuri, hakuna anayetoa zaidi ya 8,200, hiyo 800 ni hasara kama parashoki ilivyokuwa hasara. Kifungu cha 260 kinamshika na bosi kwa kosa la mfanyakazi wake akiwa kazini, kwa hiyo usikubali kuambiwa "mtafute dereva".

Sasa tafuta ile karatasi uliyotia saini siku ya kuchukua pesa. Kama imeandikwa "pour solde de tout compte", umekiri kwamba umelipwa vyote, na kuifungua tena ni kazi ya wakili na bahati. Kama inataja vipuri na kazi ya fundi tu, waandikie asiransi, nakala kwa kampuni, utaje moins-value, yaani hasara ya bei, kwa jina lake. Neno hilo wasipoliona kwenye barua hawatalitafuta wenyewe. Mimi mwenyewe niliwahi kusaini karatasi ya namna hiyo nimesimama, kalamu ya kuazima, injini inanguruma nje. Nilisoma mstari wa juu na kiasi cha pesa. Mstari wa katikati niliusoma nyumbani.

Na hiyo 1,500 ya mnunuzi usiipeleke popote. Kazi ya mnunuzi ni kukata bei.

Dereva wa teksi, mtaa wa Kenya hapahapa mjini: Niligonga nguzo mwenyewe. Asiransi yangu italipa bei iliyoshuka?

Hapana. Ile asiransi ya lazima inalipa uliowaumiza wewe. Nguzo inaweza kukudai, wewe huwezi.

Kijana wa Ruashi, na mwingine wa Katuba, swali moja: Tulimalizana palepale, akanipa dolari 200. Baadaye fundi akakuta shasi imepinda. Nirudi wapi?

Urudi wapi, kaka, na hujui hata jina lake? Nimeandika hapa mara ngapi: kumalizana kindugu ni kwa kuku aliyekanyagwa. Watu wanapatana katikati ya barabara, magari yanapiga honi nyuma, kila mmoja anaogopa rulaje, polisi wa barabarani, asifike, halafu miezi miwili baadaye wananiandikia mimi. Bila PV, ile ripoti ya polisi ya ajali, bila picha ya plaka, bila namba ya asiransi ya aliyekugonga, unachodai ni hadithi. Wa Katuba angalau ana namba ya simu ya mwenzake. Mpigie leo, mwombe akuandikie kwa mkono kilichotokea, siku gani na wapi. Akikubali una bahati kuliko ulivyostahili.

Mfanyabiashara, katikati ya mji: Nimegongwa jana, gari lina miaka mitatu, sijaligusa. Hasara ya bei inathibitishwaje?

Hatimaye, mtu ameuliza kabla ya kupeleka gari kwa fundi! Nikujibu vizuri.

Usiruhusu nyundo hata moja kabla ya picha. Piga nje, piga chini, piga kilometa kwenye dashibodi, piga mahali bati lilipokunjika karibu na shasi. Chukua PV. Kisha tafuta ekspe wa magari, mtaalamu wa kukadiria hasara, na umwambie wazi unataka tarakimu mbili kwenye ripoti: bei ya gari siku moja kabla ya ajali, na bei yake likishatengenezwa. Maekspe wengi wanaandika gharama ya matengenezo tu kwa sababu ndiyo wanayoulizwa. Hasara ya bei ni tofauti ya tarakimu hizo mbili, nayo inadaiwa juu ya matengenezo.

Pitia pia parking tatu za kuuza magari, uombe bei kwa maandishi: modeli ileile, mwaka uleule, kilometa zinazokaribiana, na usukani upande uleule. Hapa kwetu hilo la mwisho ndilo watu wanalisahau. Gari la Japani lililopitia Dar na Kasumbalesa, usukani kulia, huwezi kulipima kwa bei ya la usukani kushoto. Asiransi ya mwenzako italicheka faili zima kwa kosa hilo moja.

Wakikataa, tangu sheria ya 2015 ilipovunja ukiritimba wa kampuni ya serikali, kampuni za asiransi zina msimamizi, ARCA. Malalamiko yanapelekwa huko. Baada ya hapo ni mahakama. Na kama kulikuwa na majeruhi na dereva ameshitakiwa, unaweza kuingia kwenye kesi hiyohiyo kama partie civile, yaani mdai wa fidia.

Msomaji wa mtaa wa Golf: Ndugu yangu wa Atlanta anasema kule kuna fomula, 17c, unaweka namba unapata jibu. Kwa nini tusiitumie?

Kwa sababu ni ya Georgia. Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua 2001, kwenye kesi ya Mabry dhidi ya State Farm, kwamba asiransi lazima ipime hasara ya bei hata kwa mteja wake mwenyewe. Fomula ilitoka kwenye kesi hiyo, si sheria. Inaanza na asilimia 10 ya bei ya gari, halafu inakata kwa ukubwa wa ajali, inakata tena kwa maili. Zikifika 100,000, jibu ni sifuri. Unaona imemfaa nani. Ukiileta hapa utakuwa umejifunga kamba ambayo hakimu wetu hakukufunga. Ila jambo moja ndugu yako yuko sahihi: gari lililochoka halina bei ya kupoteza. Mwenye RAV4 ya 2003 aliyeniandikia wiki jana, iliyokwisha kunyooshwa mara tatu, ajue nimemjibu hapa.

Muuzaji wa Bel-Air: Fundi ameahidi kulitengeneza isijulikane. Lazima nimwambie mnunuzi?

Mwambie. Muuzaji anawajibika kwa kasoro alizozificha, na gari likirudi mlangoni kwako litarudi na mjomba wa mnunuzi. Tena nani kakwambia haitajulikana? Makomisionere, madalali wa magari, wanatembea na sumaku kwenye leso. Wanaipitisha mlangoni polepole, ikiteleza wanajua chini ya rangi ni mastiki ya kuzibia, si bati. Wanapitisha ukucha kwenye mpira wa dirisha kutafuta rangi iliyomwagikia pembeni. Ukiwashinda hao, bado Agosti inakuja. Buti lililochomelewa vibaya halifungi sawa, na vumbi letu jekundu halihitaji tundu kubwa. Mwaka jana nilionyeshwa gari "halijawahi kuguswa". Nikafunua kapeti ya buti, nikaandika jina langu kwa kidole.