Garimoshi la mvuke la makumbusho laweza kutembea tena?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Katika Makumbusho ya Reli Nairobi niliona vichwa vikubwa vya mvuke, 5918 "Mount Gelai" na 5930 "Mount Shengena". Vinang'aa kwa rangi. Vinaweza kuvuta treni tena?
Msomaji, Voi

JIBU: Marahaba. Vinaweza, 5918 iliwahi kufufuliwa ikatembea. Ila rangi isikuhadae, cha kutazama ni boila, yaani tangi linalochemsha maji yawe mvuke.

Kwanza huvuliwa bati la nje na vizuia joto vyake. Injini za umri huu (Beyer Peacock, Manchester, 1955–56) huenda zimefungwa asbestosi, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo kazi hiyo usiwape vibarua waliojifunga leso puani. Kisha unene wa chuma hupimwa kwa mawimbi ya sauti, hasa sehemu za chini za tanuri (chumba cha moto ndani ya boila), ambako tope hutuama na kutu hula kimyakimya.

Kuta mbili za tanuri zimeshikanishwa kwa mamia ya pini nene. Fundi hugonga moja moja kwa nyundo: nzima hulia, iliyokatika hutoa sauti butu. Pini nyingi zina kitundu kichwani. Kikitoa maji, imeshakatika ndani. Mirija ya moshi ing'olewe yote. Kubakiza ya zamani ili kuokoa fedha ni hasara ya baadaye.

Halafu boila hujazwa maji baridi pomoni, hewa yote itoke, lisukumwe hadi mara moja na nusu ya shinikizo la kazi. Kwa hizi, ambazo shinikizo la kazi ni pauni 225 kwa inchi ya mraba, hiyo ni kama 337. Chuma kikipasuka, maji humwagika tu, mvuke ungelipuka.

Kuwasha nako kuna mtego. Injini hizi huchoma mafuta mazito, nayo hupulizwa tanurini kwa mvuke, na injini baridi haina mvuke, basi huazimwa kutoka nje, au hewa ya kompresa. Moto uwe mdogo kutwa nzima. Ukiharakisha, tanuri hutanuka kabla ya ganda la nje na maungio ya mirija huanza kutoa machozi.

Hata likipona boila, ekseli moja hubeba tani 21, na njia nyingi za zamani haziwezi uzito huo. Reli mpya ya SGR nayo ina upana wa milimita 1,435 kati ya vyuma vyake. Hizi ni za mita moja. Kwetu sisi, fedha zikiwa chache, zianzie kwa injini nyingine ya mvuke, 2409, iliyopo hapo hapo makumbusho: ndogo, nyepesi, na boila lake halihitaji winchi kubwa kulinyanyua.