Mama alisema ndiyo, kisha akagoma mlangoni

SWALI: Shikamoo sista. Mimi ni muuguzi mpya kutoka Kagera, nimepangiwa wodi ya wazazi katika wilaya ya wafugaji mkoani Manyara. Wajawazito wengi ni Wamaasai wasiojua Kiswahili vizuri, hivyo mama mkwe au mume ndiye hutafsiri. Juzi mama mmoja aliridhia operesheni, akagoma mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Daktari akatulaumu wauguzi, sisi tukalaumu mila. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kuisingizia mila, ulizeni yule mama aliambiwa nini hasa. Mimi yalinikuta hayo hayo. Nilieleza kwa kirefu: mtoto amechoka, mapigo yanashuka, utachomwa ganzi ya mgongo, hutasikia kisu. Mama mkwe akayageuza kuwa maneno matatu. Mama akaitikia kwa kichwa. Baadaye mhudumu wetu wa usafi, Mmaasai, akaniambia, "Sista, ameambiwa atapasuliwa, basi." Alikuwa anapiga deki pale pale, amesikia yote, na hakuna aliyemuuliza. Linaniuma mpaka leo.

Ndugu abaki kumshika mama mkono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2018 unapendekeza kila mzazi awe na mwenzake amtakaye wakati wa uchungu. Ila asitafsiri, kwa sababu kuna mambo mama hawezi kuyasema mbele ya mkwewe. Kaeni na inchaji, yaani msimamizi wa wodi, kila zamu apangwe mtumishi anayejua Kimaasai. Afundishwe kutafsiri sentensi moja moja bila kupunguza, na kutunza siri. Kazi hiyo iandikwe kwenye ratiba na apunguziwe nyingine, isiwe fadhila. Kisha mwambieni mama aeleze kwa maneno yake atafanyiwa nini na kwa nini. Akishindwa, rudieni. Aliyetafsiri aandikwe kwenye faili.

Mtumishi huyo akae pia kwenye ripoti ya asubuhi, na daktari amsikilize. Sisi tulizoea kuwafokea wajawazito: "Kula, damu yako ndogo!" Mtumishi wetu wa Kimaasai ndiye aliyetufumbua macho. Wengi hujinyima chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa, kwa kuwa anayeishi mbali na hospitali anaogopa mtoto kukwama. Hofu hiyo ina msingi. Tukaacha kufoka. Tukiwapa vidonge vya fefo, vile vya kuongeza damu, tunazungumzia kwanza usafiri, na nani atabaki na watoto mama akija kusubiri karibu na hospitali.

Kuhusu daktari: orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, ya 2009, inataka kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake kabla ya kukata. Mtafsiri naye ajitaje. Ganzi ya mgongo humwacha mama macho, kwa hiyo mtafsiri asiishie mlangoni. Avae gauni, asimame upande wa kichwa cha mama, amweleze kila mnachofanya mpaka mtoto alie. Dharura ikiwa kali, mazungumzo yaendelee huku kitanda kinasukumwa.

Nawe jifunze angalau salamu. Ukisema "Takwenya", mama atajibu "Iko". Anza raundi yako ya kesho hivyo.